Macho Mekundu ya Baba Mdogo

Siku ya tatu ya homa, mama mdogo alinipigia simu akaongea kwa kunong'ona, mgonjwa asisikie. "Mwanangu, baba yako mdogo amerudia gongo." Ushahidi wake ulikuwa macho. Mekundu mpaka pembeni, alisema, kama ya mtu aliyekesha kilabuni, na ukimuuliza anakuwa mkali kwamba hajagusa glasi tangu Krismasi ile ya mwaka juzi.

Nilicheka. Baba mdogo alikuwa mnywaji wa kusifika enzi zake, na mnywaji aliyeacha hana wakili: akikohoa ni pombe, akichelewa kuamka ni pombe. Nikamwambia mama mdogo ampe maji mengi, na homa ikizidi ampeleke zahanati. Kisha nikaendelea na shughuli zangu mjini. Kicheko kile nimekirudia kichwani mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri.

Hakuwa amekunywa. Macho yake yalikuwa yanatuonyesha ugonjwa wenyewe mchana kweupe, na sisi tukausoma vibaya.

Ilikuwa masika, Bonde la Kilombero, msimu wa kupandikiza mpunga. Wiki mbili alikuwa ameinama ndani ya majaruba, maji yakimfika magotini, miguu peku yenye magaga yaliyopasuka kiasi cha kuingiza sarafu. Usiku alilala dunguni kulinda mbegu, na panya nao walikuwa na hesabu zao na mbegu hiyohiyo. Juu ya bonde palipita ng'ombe wa wafugaji, wakanywa na kukojoa kwenye mifereji iliyoshuka moja kwa moja shambani kwake. Hakuna aliyeona ajabu. Ndivyo mpunga unavyolimwa.

Homa ilimpiga ghafla, si kwa kumnyemelea. Asubuhi alikwenda shamba, mchana alirudi akitetemeka, kichwa kikimgonga, na miguu ikimuuma hadi akashindwa kuchutama chooni. Zahanati walimpima malaria kwa kile kipimo cha haraka. Ukatoka mstari mmoja, maana yake hamna. "Malaria imejificha," akaambiwa, akapewa dawa mseto na panado.

Siwalaumu sana. Ifakara ni mji ambao jina lake duniani linajulikana kwa utafiti wa malaria. Katika bonde lile malaria imezika watu wengi mno kiasi kwamba kumwacha mgonjwa wa homa aondoke bila dawa yake ni kama kumdhulumu. Lakini neno "imejificha" linanikera mpaka leo. Ni neno linalofunga mjadala. Ugonjwa uliojificha hauhitaji kutafutwa jina lingine.

Siku ya tano macho yalianza kubadilika, wekundu ukachanganyika na manjano, rangi ya chungwa lililoiva. Majirani sasa walikuwa na hukumu kamili: ini limekufa, gongo limemmaliza. Siku ya sita alianza kukohoa. Tulikodi Noah, mimi nikiwa nimeshafika, tukamlaza kiti cha nyuma kichwa chake kikiwa mapajani kwa mama mdogo. Njiani alikohoa kwenye kanga. Haikuwa damu nzito kama ya kidonda. Yalikuwa mapovu, laini, ya rangi ya waridi, kama povu la sabuni lililotiwa tone la wino mwekundu. Mama mdogo aliikunja kanga upande ule, akatafuta upande msafi, akaukunja nao. Tulipofika hospitali kubwa kanga nzima ilikuwa imeisha.

Aliyetuokoa alikuwa daktari kijana sana, wa mazoezi nadhani, koti jeupe likimpwaya mabegani. Alisoma faili, akaliweka chini, akashika shavu la mguu wa baba mdogo na kuliminya taratibu kwa vidole viwili. Mtu ambaye hakuwa amesema neno tangu tuingie barabara ya lami alipiga ukelele wodi nzima ikageuka.

"Mzee anafanya kazi gani?"

"Mkulima."

"Wa nini?"

"Mpunga."

Hakuuliza juu ya pombe. Aliandika kitu, akamwita nesi, akasema sindano ya seftriaksoni, dawa ya kuua bakteria, ianze saa hiyohiyo, majibu ya maabara yatatukuta njiani. Kisha akatuambia anashuku leptospirosisi. Nilimwomba alitamke tena. Mama mdogo hakujaribu.

Baadaye, kwenye zile saa ndefu za benchi la nje ya wodi, niliyapata maelezo kipande kwa kipande, mengine kwa daktari yule, mengine kwa kusoma kwenye simu hadi chaji inaisha. Kijidudu chenyewe ni bakteria mwembamba kama uzi uliosokotwa, unene wake sehemu moja ya elfu kumi ya milimita, kiasi kwamba hadubini ya kawaida haimwoni. Ncha zake zimepinda. Mwaka 1907 Mmarekani Arthur Stimson alimwona ndani ya figo ya mtu aliyedhaniwa kufa kwa homa ya manjano, akaona umbo lake linafanana na alama ya kuuliza. Jina la kisayansi la spishi hiyo, *Leptospira interrogans*, linabeba swali hilo hadi leo. Sijui ugonjwa mwingine uliopewa jina linalofaa namna hii.

Anaishi ndani ya figo za panya, ng'ombe, nguruwe, mbwa, nao wanamtoa kwa mkojo. Kwenye maji ya uvuguvugu na tope anaweza kudumu wiki kadhaa. Anaingia mwilini kwa mtu kupitia kidonda, mkwaruzo, macho, mdomo. Yale magaga ya baba mdogo yalikuwa milango iliyoachwa wazi. Akishaingia hakai pale alipoingilia, bali anajisokota na kupenya mpaka kwenye damu, na kwa wiki ya kwanza damu ndiyo makazi yake.

Hapo ndipo mishipa inapoharibika, na hapo ndipo nilipoelewa macho.

Mshipa wa damu, hata ule mdogo kuliko unywele, umetandikwa ndani kwa safu moja ya seli bapa zilizoshikana ubavu kwa ubavu. Zinashikana kwa protini maalumu, kama watu waliounganisha mikono. Leptospira analegeza mikono hiyo. Seli zenyewe hazifi zote na mshipa haupasuki. Mishikano tu ndiyo inayoachia. Mtu aliyelima mpunga analijua jambo hili bila kusoma biolojia: tuta la jaruba likitobolewa na panya au kaa, kwa mbali unaliona limesimama vizuri, lakini maji yanapungua na shamba la jirani linalowa. Ndivyo damu na majimaji yake yanavyovuja, kidogo hapa, kidogo pale, kila mahali kwa wakati mmoja. Wakati huohuo chembe sahani, zile zinazogandisha damu, zinashuka, kwa hiyo hata kile kinachovuja hakizibwi.

Na jicho ndilo dirisha. Kwenye weupe wa jicho unaweza kuvitazama vishipa vya damu bila kumpasua mtu. Katika ugonjwa huu vinatanuka na kujaa, jicho linakuwa jekundu lakini halina usaha, halina tongotongo, halishikamani asubuhi. Macho mekundu makavu pamoja na mashavu ya miguu yasiyogusika: daktari aliyewahi kuona mgonjwa mmoja hasahau jozi hiyo. Sisi tulikuwa nayo nyumbani tangu siku ya tatu.

Ini nalo lilikuwa na hadithi yake. Seli za ini zinaachana kama zile za mshipa, nyongo inavuja na kuingia kwenye damu, mtu anageuka manjano ya kutisha. Lakini ini lenyewe huwa halijafa. Vipimo vinaonyesha rangi ya nyongo imepanda mno huku vile vinavyopima uharibifu wa seli za ini vikiwa vimepanda kidogo tu, na mgonjwa akipona ini linarudi kama lilivyokuwa. Nilipomweleza mama mdogo hilo alinyamaza kitambo, akasema, "Kwa hiyo sio gongo." Nikamwambia sio. Akalia, na nadhani hakulia kwa sababu ya ini.

Adolf Weil aliandika juu ya hali hii ya homa, manjano, figo na damu kule Heidelberg mwaka 1886, ndiyo maana aina kali bado inaitwa ugonjwa wa Weil. Chanzo chake kilipatikana Japani mnamo 1915, na Inada Ryokichi na Ido Yutaka, kwa wachimba makaa ya mawe waliofanya kazi ndani ya maji ya mgodini. Wakulima wa Japani walikuwa wanaujua zamani kwa majina ya shambani, kama vile homa ya vuli.

Anayenigusa zaidi, hata hivyo, ni Mjapani mwingine, Hideyo Noguchi, aliyewapa bakteria hawa jina lao la leptospira. Mwaka 1918 alikwenda Guayaquil, Ekuado, kutafuta kisababishi cha homa ya manjano. Akakuta leptospira kwenye wagonjwa, akatangaza amekipata. Uwezekano mkubwa ni kwamba wagonjwa aliowapima walikuwa na ugonjwa wa Weil. Manjano na damu vilimchanganya. Wenzake walipoanza kumpinga, alikuja Afrika kuthibitisha, akafika Accra mwishoni mwa 1927, na mwezi Mei 1928 akafa hapohapo kwa homa ya manjano, ambayo ni ya virusi. Mtu aliyeijua leptospira kuliko wengi aliichanganya na ugonjwa mwingine. Nikimkumbuka yeye, hasira zangu kwa zahanati zinapungua.

Zinapungua, haziishi. Kuna utafiti uliofanywa Moshi mwaka 2007 na 2008, kwa wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa. Asilimia 60.7 walihesabiwa na madaktari kuwa wana malaria. Waliokuwa nayo kweli ni asilimia 1.6. Kati ya waliopimwa leptospirosisi, takriban mmoja kwa kila kumi na mmoja alikuwa nayo. Moshi si Kilombero, mbu wa kule ni wachache, sitaki kuzihamisha takwimu hizo bondeni kwetu kama mtu anayehamisha kuku. Ila zinaonyesha jinsi homa inavyopewa jina kabla haijaangaliwa.

Na kuna jambo moja la Morogoro nililolikuta nikisoma, likanifanya nicheke peke yangu kwenye lile benchi. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, ambao wamewashughulikia panya kuliko taasisi nyingi duniani, walitenga kutoka kwenye mkojo wa ng'ombe aina ya leptospira iliyokuwa haijaandikwa popote. Kwa desturi aina mpya hupewa jina la mahali. Ikaitwa Sokoine. Sijui marehemu waziri mkuu Edward Sokoine, mwenye jina hilo, angesema nini.

Turudi wodini. Mapafu yalikuwa hatari ya kwanza. Pale kwenye vifuko vya hewa ukuta kati ya damu na pumzi ni mwembamba kuliko popote, na ukivuja mtu anazama ndani ya damu yake mwenyewe. Wengine hawakohoi hata tone. Wanahema tu kwa kasi, na picha ya eksirei ndiyo inayosema. Mapafu yakivuja kwa wingi, zaidi ya nusu ya wagonjwa hufa. Achuapa, Nikaragua, mwaka 1995, watu walikufa hivyo baada ya mafuriko, bila hata manjano, na mwanzoni ikadhaniwa ni dengi. Baba mdogo aliwekewa oksijeni siku nne. Kikohozi kilififia, povu likawa kahawia, kisha likakoma.

Figo ndizo zilizotufilisi. Mkojo ulikuwa unatoka, ndiyo maana sikuelewa wanaposema figo zimefeli. Kumbe kwa leptospira figo mara nyingi huendelea kutoa mkojo zikiwa hazichuji damu ipasavyo, na potasiamu inapotea nao, wakati figo zinapofeli kwa sababu nyingine kwa kawaida potasiamu hupanda. Alisafishwa damu kwa mashine, na daktari alisisitiza ianze mapema na isirukwe. Baadaye nilikuta alikuwa na msingi: utafiti wa São Paulo uliochapishwa mwaka 2007 uliona wagonjwa waliosafishwa haraka na kila siku walikufa takriban mmoja kati ya sita, na wale waliocheleweshwa na kusafishwa siku moja moja walikufa takriban wawili kati ya watatu. Bima hatukuwa nayo. Tuliuza ng'ombe wawili. Mara nyingine najiuliza kama mmoja wao ndiye aliyekojoa mferejini, halafu nasema basi, hesabu zimelingana.

Alitoka hospitali siku ya ishirini na mbili, amekonda, suruali imefungwa kwa kamba. Damu iliyopelekwa maabara ilirudi na jibu baadaye: ndiyo, ni yenyewe. Kipimo cha kuaminika kinahitaji kuchanganya damu ya mgonjwa na leptospira hai wa aina mbalimbali na kutazama kama wanashikamana, na kinga inayotafutwa huchukua kama wiki kujitokeza. Wakati jibu linakuja, mtu ameshapona au ameshazikwa. Kwa hiyo lile swali, mzee anafanya kazi gani, bado ni kipimo cha haraka kuliko vyote.

Tukadhani yameisha. Mishipa, lakini, ina kumbukumbu. Uchina waliona watoto waliopata homa nyepesi ya leptospira wakapona, na miezi kadhaa baadaye wakapooza upande mmoja. Mishipa mikubwa chini ya ubongo ilikuwa imevimba ukutani na kuwa myembamba. Brazil, waliopasua maiti wameukuta uvimbe huohuo kwenye mishipa ya moyo na hata kwenye ule mshipa mkuu unaotoka moyoni. Haya si ya kila mgonjwa, na ningependa nisingeyasoma usiku ule nilipoyasoma.

Kwa baba mdogo yalirudi machoni. Mwezi wa sita baada ya kutoka, alisema anaona nzi weusi wanaopita mbele ya jicho la kushoto, anawapunga mkono hawaondoki. Mwanga ulimuuma. Jicho likawa jekundu. Niliposikia kijiji kimeanza tena, "mzee amerudia," nilipanda basi siku hiyohiyo. Kliniki ya macho walikuta uvimbe ndani ya jicho, wakampa matone ya kuutuliza, wakasema ni mabaki ya vita ile. Farasi pia huupata, na wanaweza kupofuka kwa leptospira. Alipoambiwa hilo baba mdogo alisema afadhali farasi, hasingiziwi pombe.

Julai 2022 redio ilitangaza ugonjwa wa ajabu Lindi. Watu wa Ruangwa, Mbekenyera huko, homa, kichwa, damu puani, kuanguka kwa uchovu. Nchi ilishika tama. Ebola wakapima, hakuna; Marburg, hakuna; Uviko, hakuna. Wagonjwa 20, watatu wakafariki. Kisha Waziri wa Afya, Ummy Mwalimu, akatangaza: ni homa ya mgunda. Baba mdogo alinipigia simu kabla taarifa haijaisha. "Umesikia? Ndiyo ile yangu." Mgunda ni shamba. Kwa miaka yote alikuwa anabeba jina la Kigiriki asiloweza kulitamka, na sasa serikali ilikuwa imempa jina ambalo bibi yake angelielewa. Ilikuwa sauti ya mtu aliyeshinda kesi. Aliwazungukia majirani mmoja mmoja kuwaeleza.

Juu ya kinga, naweza kusimulia mengi ya vitabuni. Wanajeshi wa Marekani kule Panama miaka ya 1980 walimeza antibiotiki ya doksisaikilini, miligramu 200 kila wiki, wakakingika karibu wote. Vizuri kwa askari wa wiki tatu msituni, lakini bonde zima la wakulima, miezi minne kila mwaka, nani atanunua? Funika maji, ziba vidonda, zuia panya. Vaa buti.

Buti nilimnunulia mimi mwenyewe, za mpira, nyeusi, zinazofika magotini. Msimu uliofuata nilikwenda kumtembelea, nikamkuta katikati ya jaruba, suruali imekunjwa, peku. Buti zilikuwa zimetundikwa kwenye nguzo ya dungu, juu chini, safi kama zilivyotoka dukani. Nikaanza kufoka. Akaniacha nimalize, akaniambia nizivae niingie.

Hatua ya kwanza niliiweza. Ya pili, tope lilikamata buti la kushoto, nikavuta, mguu ukatoka na buti likabaki. Nilisimama na soksi moja juu ya maji, nimeshika bega lake nisianguke. Alikuwa ananitazama kwa lile jicho lake la kushoto, linalotoa machozi kidogo juani, akisubiri nimwambie cha kufanya.